Sura ya Saba: Jalada la Pili

Tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana Gundi alimpigia mchumba wake simu mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja yule mwanamke wa kwenye mtambo alimjibu kwa upole uleule kwamba namba anayopiga haipatikani. Mara ya mwisho alitamani kumtukana. Alikuwa na habari kubwa kifuani, habari ambayo haikai na mtu, na mwenye habari yake alikuwa bondeni huko, anavuta kamba na kupigilia vigingi kwenye viwanja vya watu.

Jina la Gundi alipewa na wenzake wa kazini wiki ya kwanza tu, siku aliyogandisha kiwiko chake kwenye meza ya mkuu wa ofisi, na tangu hapo hakuna aliyemwita vingine, hata baba yake mzazi. Alikuwa fundi wa majalada katika ofisi ya nyaraka. Madaftari ya zamani yaliyoraruka, yaliyolowa na yaliyotafunwa na mchwa yaliletwa kwake, naye aliyavua magamba, akayaosha, akayashona na kuyavika upya. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, chenye dirisha moja, meza ndefu, chuma cha kubania vitabu na harufu ya wanga uliochemshwa. Mchumba wake alikuwa mpima ardhi, kwa hiyo nyumbani kwa kina Gundi aliitwa Mpimaji, na kwa namna baba alivyolitamka, hilo halikuwa jina la mapenzi.

Kesho yake, Jumapili saa nne asubuhi, ndiyo ilikuwa mwisho wa miezi mitatu ambayo baba alikuwa ametoa. Baba alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa tarehe, na sharti lake lilikuwa moja. Hakutaka kitu cha Mpimaji. Alitaka mtu mmoja wa damu yake, mmoja tu, aje akae kwenye kochi la sebuleni aseme huyu ni wetu, akikosea tuiteni. Hakusema hivyo kwa roho mbaya. Dada mkubwa wa Gundi aliolewa na mtu mcheshi sana asiye na kwao, na mwaka wa tatu mtu huyo akatoka na begi moja asirudi. Baba alizunguka mji mzima akigonga milango ya watu asiowajua, hana hata shemeji wa kumuuliza. Yule dada bado alikuwa nyumbani, chumba cha mwisho, na siku hizi alikuwa akifunga mlango hata mchana.

Mpimaji hakuwa na mtu wa kumleta. Mama yake alilelewa kwenye kituo cha watoto, akafariki yeye akiwa kidato cha tatu, na urithi aliomwachia ni kipande cha kitambaa kilichokuwa kimeshonwa kwenye shuka alilofungiwa mama huyo siku alipozaliwa, chenye namba 214 na tarehe. Kwa miaka minne mwanawe alikuwa akiifuata namba hiyo. Alijua imetoka kwenye rejista ya wodi ya wazazi ya hospitali ya zamani. Alijua pia kwamba rejista hiyo ilinyeshewa, ikanakiliwa upya, na ile nakala mpya nayo ikapotea. Hivyo ndivyo walivyojuana na Gundi: alikuja kuulizia daftari ambalo halipo, akarudi wiki iliyofuata kuulizia tena, na safari ya tatu hata mlinzi wa getini aliona wazi kwamba sasa haulizii daftari.

Sasa sikia jinsi bahati inavyofanya kazi, maana hata Gundi mwenyewe alipoipanga kichwani ilimtia wasiwasi. Jumatatu bomba lilipasuka juu ya chumba cha makabati. Lililowesha rafu moja tu. Kwenye rafu hiyo kulikuwa na daftari nene la stoo ya mablanketi ya hospitali, kitu ambacho hakuna mtu aliyekifungua tangu kiandikwe. Lilipaswa kwenda kwa fundi mwenzake wa meza ya pili, lakini mwenzake alikuwa kwenye likizo ya ugonjwa, mashavu yamevimba hata mdomo haufunguki. Likaja kwa Gundi. Na Jumamosi asubuhi, alipolilowesha jalada la mbele ili alivue, aliona kwamba ndani yake hakuna ubao wala kadi, bali makaratasi yaliyobandikwa tabaka juu ya tabaka. Mafundi wa zamani walikuwa na mtindo huo: wakikosa kadi, walibandika karatasi taka, hata kurasa za rejista iliyokwisha kunakiliwa, mpaka zikawa ngumu. Aliibandua moja, akaipangusa, akasoma namba iliyo pembeni. Akakaa chini sakafuni, aproni na yote.

Namba 214, mtoto wa kike. Mama, mshona mashuka wa hospitali, miaka kumi na tisa, amefariki saa mbili baada ya kujifungua. Ndugu wa karibu: dada yake, ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa lote, la kwake na la baba yao, miaka ishirini na mbili, mpishi wa shule ya ufundi, yuko safarini.

Kwa kuwa Mpimaji hapatikani, na moyo umejaa, alimpigia baba yake. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kwanza siku hiyo. Baba alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akauliza ni shule gani ya ufundi. Ilikuwa moja tu wakati ule, ileile ambayo yeye mwenyewe alifundisha miaka thelathini na moja. Halafu akasema kwamba alipoanza kazi alimkuta mpishi pale, waliyemwita Mama Jiko, na jina lake halisi hakulijua mwalimu yeyote.

"Mwanangu," akasema, "shule zote, wapishi wote, akatokea wa kwangu. Na karatasi ikaangukia mikononi mwako, siku moja kabla ya kesho."

"Baba, ndivyo ilivyotokea."

"Ulipokuwa darasa la sita uliniandikia sahihi yangu kwenye ripoti. Nikaitazama mimi mwenye sahihi, nikaamini nimesaini. Nakupenda, lakini kwenye mambo ya kalamu siwezi kukuamini."

Akakata simu taratibu, kama alivyofanya kila jambo. Gundi alibaki ameshika simu, na uchungu wake haukutokana na baba kukosea. Ulitokana na baba kukaribia mno ukweli.

Maana kulikuwa na karatasi nyingine humo chumbani, na hiyo hakumwambia mtu.

Mpimaji aliingia saa saba kasoro, viatu vimejaa vumbi la bondeni, kofia mkononi, shingo imeiva kwa jua. Alikuwa ameona simu zake kumi na moja mtandao uliporudi, akadhani kuna msiba, na njia nzima alikuwa amemwomba Mungu asiwe Gundi. Alipomwona amesimama mzima nyuma ya meza yake, aliegemea mlango akafumba macho kidogo. Gundi aliipenda sura ile kuliko kitu chochote alichowahi kukipenda, akaona aibu kidogo kwa jinsi alivyoipenda saa za kazi.

Hakumsimulia. Alimshika mkono akamleta mpaka penye kioo kilichowekewa karatasi, akamwachia asome mwenyewe.

Alisoma akiwa ameinama, kidole juu ya kioo kikifuata mistari, midomo ikitamka kila neno bila sauti. Alipofika kwenye namba alitoa kile kitambaa kwenye pochi yake, akakilaza pembeni. Tarehe ileile. Akasoma tena kuanzia juu. Halafu mtu mzima huyo, ambaye wafanyakazi wake walimwogopa, aliweka paji la uso juu ya bega la Gundi akalia kwa namna ya mtu ambaye hajawahi kujifunza kulia. Gundi alimshika kisogo. Kwa dakika hizo chache alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote waliokuwa chini ya jua, na angekufa pale asingedai kitu.

"Bibi yangu alikuwa mshonaji," Mpimaji akasema. "Gundi, mimi nina bibi."

"Na dada yake, ambaye naye ni bibi yako. Anaweza kuwa hai. Anaweza kuwa na miaka sabini na nane tu."

Ofisi hufungwa saa nane siku za Jumamosi. Mpimaji akasema ni lazima anakili kila neno kabla ya kufungwa, asije akasahau hata nukta, akatafuta karatasi safi. Gundi alikuwa amegeuka kunawa wanga mikononi. Alipogeuka tena alimwona amenyanyua karatasi za kukaushia zilizokuwa chini ya dirisha, na mkononi ameshika nusu ukurasa wa rangi ya chai.

"Hii ni nini?"

Maji yalikuwa yanamchuruzika Gundi vidoleni.

Mpimaji akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Namba 214, mtoto wa kike. Mjomba wake, fundi seremala, amefika siku hiyohiyo kumchukua. Mwandiko ulikuwa wa karani wa zamani, wenye mikia mirefu, uliolala upande wa kulia. Wino ulikuwa wa kahawia, uliopauka vizuri. Chini yake maneno yaleyale yalirudiwa mara mbili, kila mara mkono ukizidi kulainika.

"Ni mkono wako," akasema.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Alhamisi ya wiki iliyopita."

Alimweleza, na kila alivyoeleza aliona jinsi maelezo yanavyonuka. Alhamisi hiyo alikuwa amekata tamaa. Alikata ukurasa mtupu wa mwisho wa kitabu kikuukuu, akachemsha wino, akafungua daftari jingine la mwaka ule ili aige mkono wa karani. Alikusudia kutengeneza mjomba, kisha amtafute mzee yeyote mpole wa kukaa kwenye kochi la baba nusu saa. Aliandika mara tatu, akaona imekaa sawa mno, akaogopa mkono wake mwenyewe. Akaiacha. Hakuichoma kwa sababu hajawahi kuchoma karatasi maishani mwake. Akaigeuza ya kukaushia.

"Na siku tisa baadaye," Mpimaji akasema, "ya kweli ikatokea yenyewe. Kwenye daftari la mablanketi."

"Bomba lilipasuka."

"Bomba likapasuka, mwenzako akaumwa mashavu, na bibi yangu akawa mpishi wa shule ya baba yako."

"Najua jinsi inavyosikika."

"Hujui." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hilo lilimuumiza Gundi kuliko angepiga kelele. "Nilikwambia kuhusu yule mzee. Miezi saba nilimwita babu. Nilimpelekea blanketi wakati wa baridi. Alinichorea ukoo mzima, na siku niliyokwenda bila taarifa nikamkuta anamchorea mwingine uleule, majina yaleyale. Nilikueleza peke yako duniani. Nikasema, Gundi, bora nife bila mtu kuliko kupewa tena watu wa kubuni."

"Na ndiyo maana nikaacha."

"Au ndiyo maana ukaboresha."

Gundi alihisi uso unamwaka. Alitaka kumzaba kofi, alitaka kumkumbatia, na zaidi ya yote alitaka irudi ile Alhamisi ili aende nyumbani mapema kama watu wengine. Mpimaji aliirudisha ile nusu ukurasa pale alipoikuta, akainyoosha kwa kiganja kwa adabu, kisha akakirudisha kitambaa kwenye pochi. Akachukua kofia yake.

"Nitamwambia baba yako kesho sikumpata mtu," akasema. "Nitakwenda mwenyewe nimwambie. Sitakuacha useme wewe."

Alikuwa anaondoka. Hakuwa anatishia, maana Mpimaji hakuwa mtu wa vitisho. Akiweka kigingi ameweka. Alishafika mlangoni Gundi alipopata sauti.

"Kitabu kina majalada mawili."

Alisimama bila kugeuka.

"Nimefungua la mbele tu," Gundi akasema. "La nyuma lina gundi ya yule fundi wa zamani, halijaguswa. Mtu anayejaza jalada kwa karatasi taka hubandika yote mawili siku moja, kwa rundo lilelile. Kama la mbele nimetengeneza mimi, la nyuma litakuwa na kadi, au risiti za mablanketi. Njoo ulifungue wewe. Mkono wangu leo hauaminiki."

Mlinzi akapita koridoni na funguo zake, akachungulia, akasema, "Dada, zimebaki dakika ishirini na tano," kisha akawatazama nyuso zao na kuendelea na safari bila kusubiri jibu.

Mpimaji alirudi mezani. Gundi alimwekea daftari mbele, akampa sifongo na kumwelekeza aloweshe ngozi yote bila kusugua. Akakaa mbali, upande wa pili, mikono ameiweka juu ya meza palipoonekana. Hapo hakuna cha kuharakisha. Maji yanahitaji dakika kumi kuilegeza gundi ya zamani, na ukilazimisha unang'oa maandishi. Kwa hiyo walikaa, watu wawili waliokuwa wamepanga kuoana, wanasubiri karatasi ilegee.

Gundi alimtazama shati lake lililokauka jasho likaacha chumvi mgongoni, na kovu dogo la kidole gumba alilolipata kwa nyundo siku aliyokuwa akimtazama yeye badala ya kigingi. Akajiuliza kama hiyo ndiyo mara ya mwisho kumtazama hivyo, kwa haki. Naye Mpimaji alikuwa hatazami jalada. Alikuwa anatazama mikono ya Gundi, na kila macho yao yalipokutana mmoja wao aliyaondoa haraka.

Dakika ya saba akasema, "Acha. Basi nakuamini. Tulifunike."

"Unaniamini kwa sababu umechoka."

"Nakuamini kwa sababu sitaki kukukosa."

"Hiyo siyo kuniamini, hiyo ni kunivumilia." Machozi yalikuwa yamemfika, ila hakuyaruhusu. "Sitaki kuvumiliwa miaka arobaini. Kila mtoto atakapouliza babu zake, wewe unanitazama mimi kwa pembeni. Fungua."

Alimpa kisu cha mfupa, kile kibapa cha kunyanyulia karatasi. Kwa mkono uliozoea kupima kwa nywele, Mpimaji alikipitisha chini ya ngozi, akainua kidogo, akapumua, akainua tena. Ngozi iliachia. Chini yake hapakuwa na kadi.

Karatasi tatu za kwanza zilikuwa tupu, zimepigwa mistari tu, na Gundi aliona mabega ya Mpimaji yanavyoshuka kwa kila moja. Ya nne ilikuwa na maandishi. Mwandiko wenye mikia mirefu, uliolala kulia. Haukuwa ukurasa wa majina ya wazazi. Ulikuwa ule wa mwisho wa rejista, ambao makarani waliutumia kuandika mambo yanayotokea baadaye, na namba zilikuwa zimechanganyika. Mpimaji alipangusa kwa sifongo kama alivyoona Gundi akifanya. Kidole chake kikashuka, kikasimama, kikashuka tena, na kila kiliposimama kilikaa muda mrefu zaidi.

"Nini?" Gundi akauliza. Hakusogea.

Alijaribu kusoma akashindwa. Akamgeuzia Gundi daftari.

Namba 214. Dada wa marehemu amefika kumchukua mtoto. Ameelekezwa kituo cha watoto.

Chini, siku kumi na tisa mbele: Namba 214. Dada amerudi. Anasema kituoni hawana mtoto mwenye jina hilo. Ameambiwa asubiri.

Na chini kabisa, kwa wino mwingine, tarehe tatu mwezi wa sita, mtoto akiwa ametimiza mwaka: Namba 214. Dada amekuja mara ya tatu. Amekuja na gauni. Amerudishwa nalo.

Gundi alisoma mistari hiyo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza macho yalimjaa kabla ya kufika mwisho. Kituoni walikuwa wamembadilisha mtoto jina, kama walivyowabadilisha wote. Mtoto alikuwa chumba cha ndani, na mwenye gauni alikuwa getini, na karani mmoja tu ndiye aliyejali kuandika.

"Mama alikuwa akisema hakuna aliyekuja," Mpimaji akasema. "Mpaka siku anakufa. Alikuwa hasemi kwa uchungu hata, anasema kama mtu anayetaja kimo chake. Hakuna aliyekuja."

"Alikuja."

"Mara tatu."

Mpimaji alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akamtazama Gundi moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu ashike ile nusu ukurasa, na aibu iliyokuwa machoni mwake ilikuwa ngumu kuitazama.

"Mjomba wangu wa uongo alimpata siku ya kwanza," Gundi akamwambia. "Nikibuni mimi, watu wanakutana. Nisingeweza kukuandikia hilo gauni. Nakupenda mno kukuandikia kitu kama hicho."

Mpimaji alizunguka meza, akapiga magoti kwenye sakafu iliyomwagika maji, akaiweka mikono yote miwili ya Gundi usoni mwake. Aliomba msamaha kwa maneno mengi yasiyo na mpangilio. Gundi alimwacha aombe. Alimwambia kwamba hajamsamehe bado na pengine atamnunia mwezi mzima, lakini atamnunia akiwa karibu, hatoki hapo. Alimsikia anacheka ndani ya viganja vyake, kicheko chenye kamasi, na kitu kilichokuwa kimembana tangu asubuhi kikalegea.

Mlinzi akagonga. Dakika tano.

Gundi alichukua simu. Baba alipokea mlio wa kwanza, kana kwamba alikuwa amekaa nayo mapajani tangu walipoachana, akaanza kusema kwamba alikuwa mkali na kwamba mama yake amemsema sana. Gundi alimwomba asikilize tu. Hakueleza chochote kuhusu bomba wala bahati. Alimsomea ile mistari mitatu na tarehe zake.

"Tarehe tatu mwezi wa sita," baba akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mama Jiko alikuwa akiomba ruhusa siku hiyo. Kila mwaka. Siku hiyo watoto walikula uji wa jana, na mimi nilikuwa mwalimu wa zamu mara nyingi, ndiye niliyemruhusu. Alikuwa anatoka na kifurushi kwapani na kurudi nacho jioni. Walimu tulimtania. Tulisema ana bwana asiyempenda. Miaka yote hiyo, Gundi, tulimcheka."

Mpimaji alikuwa ameinuka, sikio karibu na simu, hapumui.

"Yuko hai?" Gundi akauliza.

Walimsikia baba akisogeza kiti, akimwomba mama amtafutie miwani na koti, na mama akiuliza anakwenda wapi na mchana wote huu.

"Kesho msije kwangu," akasema aliporudi kwenye simu. "Nisubirini hapo getini, nakuja sasa hivi, nawapeleka. Napajua kwake. Na huyo mwanangu mwambie jambo moja. Bibi yake hasikii sikio la kushoto. Akae kulia."